Mlima Wenye Kufuli

Kwanza mnielewe kuhusu ukubwa wa yule mtu. Siku ya kwanza alipoingia kwa gari yangu, akakaa mbele kando yangu, gari ilipiga magoti upande mmoja kama ngamia anayepakiwa mzigo. Taa ya upande wangu ikawa inaangalia mbinguni, taa ya upande wake inatafuta sarafu barabarani. Mabega yake yalianzia kwa dirisha lake yakaishia kwa gia zangu. Nikitaka kubadilisha gia ilibidi niombe ruhusa kwa kiwiko chake.

Mimi shule niliachia darasa la nne. Si kwamba nilikuwa mjinga, ni mwalimu ndiye alichoka kwanza. Kwa hivyo hii historia ya Wamaori na wazungu wao sikuisoma kwa kitabu. Niliisikia nikiwa nimeshika usukani, macho mbele, masikio nyuma, kila asubuhi kutoka Abu Hamour mpaka sait yetu ya ujenzi kule The Pearl na kila jioni kurudi. Dereva wa Doha ni kama kiti cha gari. Watu wanaongea mbele yake mambo ambayo hawawezi kuongea mbele ya mke.

Abiria wangu walikuwa wawili. Nyuma alikaa Bosi, mzungu wa New Zealand, meneja wa mradi, mtu mwembamba mwenye masikio mekundu. Jua la Doha lilimchoma akawa anabanduka ngozi kila wiki, nikawa nafikiri siku moja tutafika sait tukute amebaki shati tu. Mbele alikaa huyo mkubwa, naye wa New Zealand, lakini Mmaori, yaani wale waliokuwa huko kabla ya wazungu. Alikuwa msimamizi wa kreni. Umri wake ulikuwa wa kuitwa Mzee, basi nikamwita Mzee, naye akapenda. Yeye aliniita braza.

Mtu mwingine ukimsalimia anakuuliza jina. Huyu alifunga mkanda, mkanda ukalia kwa uchungu, akanigeukia akaniuliza:

"Braza, mlima wako ni upi?"

Nikadhani anatafuta njia. Nikamwambia, "Mzee, Doha haina mlima. Kitu kirefu hapa ni lile jengo na bei ya nyumba."

Akacheka, akanieleza. Kwao mtu haanzi na jina. Anaanza na mlima wake, halafu mto wake, halafu watu wake. Jina linakuja mwisho kabisa, na wengine wanalisahau njiani. Ukishataja mlima, wenzako wanajua wewe ni nani, nani alikuzaa, na nyumba gani wakupeleke ukilewa.

Nikamwambia wangu ni kilima tu, upande wa Nandi, kwa majani ya chai. Na kusema ukweli si changu, ni cha kampuni ya chai. Babu yangu alitolewa hapo wazungu walipokuja, mimi nimezaliwa ng'ambo ya barabara. Kilima nakiona vizuri sana, lakini nikipanda nashikwa na askari.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema, "Basi wewe na mimi tumetoka nyumba moja." Halafu akataja wake, mlima na mto, polepole kwa lugha yao, mkono juu ya kifua, kama mtu anayeapa.

Bosi akacheka huko nyuma. "Draiva, usimwamini huyo! Huo mlima uko ndani ya shamba letu. Kondoo wetu ndio wako juu yake."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, kwa sababu bosi akicheka dereva anacheka, iko kwa mkataba. Lakini nilikuwa na kioo. Bosi alicheka mdomo wazi mpaka nikaona meno ya nyuma. Mzee alicheka kwa pua tu.

Msifikirie walikuwa maadui. Hapo ndipo utamu wake, na hapo ndipo uchungu wake. Hao watu walikuwa marafiki wa tangu utoto. Walisoma shule moja, wakacheza raga timu moja, Mzee akisukuma watu chini na Bosi akikimbia na mpira juu ya waliosukumwa. Bosi ndiye alimtafutia Mzee kazi Qatar. Baba ya Mzee alikuwa akikata manyoya ya kondoo wa baba ya Bosi, kila mwaka, kwa shamba hilohilo ambapo babu ya babu ya Mzee alizaliwa. Mama ya Mzee ndiye alikuwa akiwapikia wakataji. Bosi mwenyewe alisema amekula chakula cha huyo mama kingi kuliko cha mama yake. Wakiwa watoto Mzee alipenya chini ya fensi kwenda kuvua mikunga, wale samaki kama nyoka, mtoni, na Bosi ndiye alimshikia waya juu asichanike mgongo.

Mimi nikisikia hayo nilikuwa nasema moyoni, mtu anakushikia waya uingie kwako mwenyewe, na unamwambia asante.

Historia yenyewe ilitoka vipandevipande, kulingana na foleni. Siku barabara ikiwa wazi tulipata kidogo. Siku lori la kokoto limelala kwa raundabauti tulipata vita nzima.

Mzee alisema wazungu wa kwanza walifika wachache, na walifika na njaa. Wamaori wakawalisha. Walikuwa na mashamba ya ngano, walikuwa na vinu vyao vya unga, walikuwa wakiuza unga mjini na kununua meli zao. Wakapewa mkataba na serikali ya malkia, machifu wakatia alama zao, wengine wakachora pale chini michoro ya nyuso zao, ile iliyochanjwa kwa ngozi. "Mtu aliweka uso wake, braza. Si dole gumba. Uso." Halafu wazungu wakazidi, wakataka ardhi, watu wakakataa kuuza, wanajeshi wakaja. Waliopigana wakanyang'anywa ardhi kwa kosa la kupigana.

"Na ambao hawakupigana?" nikauliza.

"Nao wakanyang'anywa. Walikuwa wamekaa karibu na waliopigana."

Nikamwambia hiyo naijua. Kwetu kosa lilikuwa kukaa karibu na udongo mzuri.

Bosi hakuwa akikataa haya. Mnajua kuna mzungu mkali na kuna mzungu mpole. Mkali unajua ukae naye mbali kiasi gani. Bosi alikuwa mpole. Alisema, "Ilikuwa mbaya. Mambo ya zamani yalikuwa mabaya sana." Halafu anafungua dirisha kidogo, joto linaingia kama mtu amefungua tanuri la mkate, analifunga tena, na mambo ya zamani yamekwisha.

Ila alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko pesa. Aliisema kwa kila mgeni, na mimi niliisikia mpaka ningeweza kuisema nikiwa nimelala. Ati babu yake mkubwa alikuwa mwanajeshi, akalipwa kipande cha ardhi badala ya mshahara, akafika hapo na mke mjamzito na shoka moja. Baridi ya kwanza ikawapata bila chakula. Wakawa wanangoja kufa. Ndipo bibi mmoja Mmaori akatokea kwa ukungu na kikapu cha viazi mgongoni, akawapa, hakusema neno. Wakaishi. Mtoto akazaliwa. "Bila huyo bibi mimi nisingekuwepo," Bosi alisema, na macho yake yanapata maji kweli. "Kila Krismasi tunamwinulia glasi."

Siku hiyo tulikuwa na mgeni kwa gari, mhasibu fulani kutoka Uingereza, naye akasema ni hadithi nzuri mno. Mzee hakugeuka. Alikuwa anaangalia magari mbele.

"Alikuwa anatoka kuvuna," akasema.

"Nini?" Bosi akauliza.

"Bibi yetu. Hakuwaletea viazi. Alikuwa ametoka mafichoni kuja kuvuna shamba lake, akakuta kuna nyumba katikati ya matuta. Mwanamke ana tumbo kubwa analia. Akawagawia nusu. Sisi hiyo hadithi tunaijua hivyo."

Yule mhasibu akaanza kukagua kucha zake. Bosi akasema, "Pengine zote mbili ni kweli, rafiki yangu." Mzee akasema, "Ndiyo. Viazi ni vilevile."

Huyo bibi amezikwa juu ya huo mlima. Yeye na wengine, kaburi chache zenye uzio wa chuma, kondoo wakila pembeni. Ukoo wa Mzee uliporudi kutoka mafichoni ulikuta mlima una mwenyewe, lakini wazee wa Bosi wa wakati huo waliwaachia wazike hapo. Wakazika mmojammoja, wakiomba ufunguo. Kuomba ufunguo wa kaburi la nyanya yako kwa mtu ambaye nyanya yako ndiye alimlisha! Mimi ningemeza kufuli.

Sasa niwape kicheko kidogo kabla hatujafika pabaya. Kampuni yetu ilikuwa na mwenyeji, mzee wa Kiqatari, mwenye kanzu nyeupe kuliko dhamiri ya mtu yeyote, ambaye bila sahihi yake hakuna mfanyakazi alitoka nchini. Siku moja akaja sait. Aliyeishi Doha anajua, Waarabu wa huko wakiheshimiana wanagusanisha pua. Mameneja wamejipanga. Bosi ananyosha mkono, anasema salaam aleikum kwa Kiarabu cha kununuliwa dukani. Yule mzee akaushika mkono kama mtu anayepokea samaki.

Akafika kwa Mzee. Mzee hakunyosha mkono. Aliinama, akaweka pua yake kwa pua ya yule Mwarabu na paji kwa paji, akafunga macho, akakaa hapo akipumua. Sisi madereva tukashika vichwa. Mganda niliyekuwa naishi naye chumba kimoja, askari wa lango pale sait, akanong'ona, "Huyu amekwisha. Kesho yuko ndege."

Kumbe ndivyo wanavyosalimiana kwao pia! Pua kwa pua, mnagawana pumzi. Yule Mwarabu alipoachiwa alikuwa na uso wa mtu aliyekuta ndugu yake sokoni. Akauliza, "Huyu ni kabila gani?" Akaambiwa. Akasema, "Huyu amelelewa." Tangu siku hiyo kila akija anampita Bosi kama nguzo ya taa, anaenda kwa Mzee, pua kwa pua. Na Bosi anasimama pembeni akijikuna sikio.

Basi. Pabaya ni hapa.

Mama ya Mzee akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa kungoja tu, na mwenyewe alikuwa anajua. Hakutaka dawa zaidi, alitaka kitu kimoja, alazwe juu ya mlima karibu na yule bibi. Mzee akaniambia hayo tukiwa wawili tu, tunakunywa karak, ile chai nzito ya maziwa, gari ikiwa imeegeshwa pembeni. Akaniambia pia shida iko wapi. Baba ya Bosi alishakufa. Shamba sasa ni la Bosi na kaka yake, nusu kwa nusu, na kaka ndiye yuko huko. Naye ameweka kufuli mpya kwa geti, na hajibu simu za watu wa ukoo.

"Muulize Bosi," nikamwambia. "Si nusu ni yake? Mzike kwa nusu yake."

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

"Amesema ataongea na kaka yake."

Ikawa hiyo ndiyo salamu ya asubuhi. Bosi anaingia, anafunga mlango. Mzee anauliza, "Umeongea naye?" Bosi, "Nilipiga, alikuwa nje na kondoo." Kesho, "Kule ilikuwa usiku." Keshokutwa, "Nimemtumia ujumbe, rafiki yangu, nipe wiki hii." Hao kondoo walikuwa na shughuli kuliko bunge. Mzee hakupaza sauti hata siku moja. Anasema sawa, anageuka, anaangalia barabara.

Halafu siku moja nikambeba Bosi peke yake, namtoa mtaa wa Al Thumama alikoenda kuona nyumba. Simu ikalia, ilikuwa ni kaka yake. Mimi nikawa kiti. Na ndipo nikaelewa mambo ya kufuli. Walikuwa wanauza shamba. Kuna kampuni ya kupanda misonobari inataka kununua, na wanasheria wa hiyo kampuni wamesema kaburi za zamani hazina shida, ni historia, lakini kaburi mpya ni shida. Kaburi mpya linaleta watu. Watu wanaleta njia ya kupita, na njia inaleta kesi.

"Ndiyo," Bosi alikuwa anasema. "Ndiyo. Naelewa. Lakini ni mama yake... Ndiyo, najua. Alinipikia hata mimi... Hapana, hapana, sisemi hivyo. Naelewa."

Alipomaliza aliniangalia kwa kioo. Sijui alitaka nini. Nikamwambia, "Bosi, AC niongeze?"

Akasema, "Ongeza."

Simu ya msiba ilimkuta Mzee kwa gari, asubuhi, tuko Corniche, bahari upande mmoja na majengo upande mwingine. Aliongea lugha yao maneno machache. Akaweka simu kwa paja. Lile jitu likawa dogo. Naapa, mkanda ulilegea.

"Amekwenda," akasema.

Bosi akaweka mkono kwa bega lake kutoka nyuma. "Oh, rafiki yangu. Pole. Pole sana. Alikuwa mama yangu pia."

Mzee akasema, "Basi mpigie kaka yako. Sasa hivi. Mimi nasikia."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Milango nilikuwa nimefunga. Bosi akapiga, na kwa bahati mbaya yake yule kaka safari hii hakuwa na kondoo. Simu ilikuwa na sauti ya kutoboa sikio, tulisikia wote. Kaka alisema anasikitika. Alisema yule mama alikuwa malaika. Alisema anajua jinsi hii inavyoonekana. Halafu akasema kuzika hapana, mpaka mauzo yaishe, na mauzo yakiisha si uamuzi wao tena. Lakini, akasema, hawezi kuwa mkatili. Waje na sanduku wakitaka. Atafungua geti. Wapande, wasalimie wazee wao, halafu wateremke wakazike mjini.

Nikangoja. Mzee naye alikuwa anangoja. Bosi alikuwa na neno moja tu la kusema. Nusu ya mlima ni yangu, fungua. Hata mimi wa darasa la nne ningelisema, na kwa Kiingereza.

Bosi akasema, "Ndiyo. Nafikiri hiyo ni haki. Asante."

Akakata. Akainama mbele na uso wa mtu anayeleta zawadi. "Amekubali mpande msalimie. Saa nzima, hata masaa mawili. Nimejitahidi, rafiki yangu."

"Tusalimie," Mzee akasema.

"Ndiyo."

"Tumpeleke mama mpaka kwa mama zake, tuwaambie hamjambo, tumrudishe chini."

"Si mimi, unajua si mimi. Ni wanasheria. Ingekuwa ni mimi peke yangu..."

"Braza, simamisha gari."

Nikasimamisha. Akashuka, akatembea kando ya bahari na buti za sait, jua linapiga kama mtu anadaiwa nalo. Bosi akasema tutachelewa mkutano. Nikafungua boneti, nikamwambia injini imechemka. Haikuwa imechemka, ilikuwa baridi kama moyo wa mwanasheria. Nikashika waya moja nikaiachia, nikashika nyingine, mpaka Mzee akarudi mwenyewe, shati limelowa, akaingia, akasema twende.

Ruhusa ya kutoka Qatar ilikuwa kazi ya kuzungushwa. Mimi babangu mdogo alipokufa niliomba, karatasi ikatoka wakati matanga yameshaliwa na kuchacha. Mzee alienda kwa yule Mwarabu ofisini kwake, nami nilimpeleka. Mwarabu alisikia neno mama, akasimama, akamwekea pua, akakaa naye hivyo muda. Akatia sahihi palepale, akatoa gari lake limpeleke uwanja wa ndege. Mtu ambaye hawana lugha moja, hawana shule moja, hajala chakula cha mama ya Mzee hata kijiko. Mlango wa nchi nzima ulifunguka kabla chai haijapoa. Bosi alituma maua.

Aliporudi alinisimulia, kidogokidogo.

Kwao maiti haachwi peke yake hata dakika. Analala ndani ya nyumba kubwa ya ukoo, sanduku wazi, watu wanamwongelesha. Wanamwimbia, wanamtania, aliyekuwa na neno naye analisema hapohapo, na mama alikuwa na ulimi kwa hivyo waliokuwa na maneno walipanga foleni. Walimngoja Mzee afike. Halafu wakampakia kwa pikapu, magari nyuma msururu, wakaenda mpaka geti.

Kaka ya Bosi alikuwa amesimama hapo, kofia mkononi, mke wake kando. Amefungua geti nusu. Alipoona sanduku akaanza kulia.

"Alilia kweli, braza," Mzee aliniambia. "Si ya kuigiza. Alilia mpaka mabega yanatikisika, anataja chakula cha mama. Machozi mpaka kidevuni. Na ufunguo mfukoni."

Dada ya mama, mzee kuliko wote, ndiye alitakiwa kuamua. Akamtazama yule mzungu anavyolia. Akasema hawaingii. Hawapandi mlima wao kusalimia kama wageni waliopita njia. Akasimama pale nje na fimbo yake, akaita. Kwao wanawake ndio wanaoita wafu. Akaita juu, akawaambia wale wa juu ya mlima kwamba binti yenu amefika, yuko hapa chini, mmwone. Kondoo wakainua vichwa. Halafu wakageuza magari.

Wakamzika mjini, makaburi ya serikali, nyuma ya kituo cha petroli. "Upande wa kulia ni fundi wa bomba hatumjui," Mzee alisema. "Kushoto ni nafasi wazi. Mama hapendi majirani asiowachagua. Atakuwa ananilaani sasa hivi."

Asubuhi ya kwanza kurudi kazini, Bosi aliingia gari akampa mkono. Akamwambia kaka yake amesema mazishi yalikuwa mazuri sana.

"Alifurahi?" Mzee akauliza.

"Alisema mlikuwa wastaarabu mno. Alishukuru."

Mzee akaangalia mikono yake. "Mama yuko nje," akasema.

"Nje wapi?"

"Nje ya geti."

Bosi akafungua dirisha kidogo, joto likaingia, akalifunga.

Siku moja tukiwa The Pearl, sisi wawili, tunangoja kreni ikaguliwe, Mzee alipiga udongo teke. Akaniambia hiki kisiwa kimemwagwa baharini juzi tu, hakuna nyanya ya mtu chini. Ndiyo ardhi ya kwanza amewahi kufanyia kazi bila kuwaza imetoka kwa nani. "Labda samaki," akasema. Nikamwambia samaki nao wana mlima wao huko chini, tungewauliza. Hapo tulicheka vizuri, kwa mdomo.

Mkataba wake ulipoisha hakuandika mwingine. Walimwongezea mshahara, akakataa. Yule Mwarabu akamwita, akakataa kwa heshima. Aliniambia anaenda kununua nyumba ya magurudumu, ile ya kuvutwa na gari, aiegeshe kando ya barabara ya serikali mbele ya geti. Barabara si ya mtu. Atakaa hapo. Yeyote atakayenunua huo mlima, kila akitoka na kila akiingia, itabidi amwambie habari ya asubuhi. Na siku atakapochoka kumwambia habari ya asubuhi, wataongea mambo ya mama.

Mimi nilimwambia utakufa na baridi. Akasema nitakuwa karibu na kwangu.

Bosi alibaki. Shamba likauzwa, akanunua boti nyeupe ndogo, akaifunga pale gatini The Pearl kati ya boti za matajiri, ikawa kama ndala katikati ya viatu vya harusi. Ijumaa nilikuwa nampeleka akaipanguse. Sikuwahi kuiona ikienda popote.

Siku moja, tuko kwa taa nyekundu, simu yangu ikalia. Picha kutoka kwa Mzee. Amesimama kwa mvua na gamboti, nyumba yake ya magurudumu nyuma, na amefunga kamba akaanika nguo, na hiyo suruali moja tu imeziba mlima nusu. Nikacheka kabla sijajizuia.

"Nini?" Bosi akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Nikampa simu.

Aliangalia sana. Akaikuza picha kwa vidole viwili, na nilidhani anatafuta uso wa rafiki yake. Akaupita uso, akaenda pembeni kabisa, nyuma ya ile suruali.

"Wamebadilisha fensi," akasema. "Geti pia. Lile la zamani nilipaka rangi mimi na baba. La kijani."

Akaniuliza, kama mtoto anayeuliza, kama nadhani hao wa misonobari wangemruhusu aingie siku akienda, atazame tu kidogo halafu atoke.

Nilikuwa na jibu. Mimi jibu huwa halinipigi chenga, nyinyi mnanijua. Lakini taa ilikuwa imewaka kijani, na magari ya nyuma yanapiga honi kama harusi, nikachukua simu yangu nikaendesha.